Kitambi si Cheo, Buda: Wasee wa Voi, Tupime Kiuno Kabla Presha Itupime

Tembea Voi Ijumaa jioni, utoke stage ya matatu uende upande wa barabara kuu ya Mombasa. Moshi wa nyama choma umejaa, matrela yamepaki, chupa zinafunguliwa. Sasa fanya kitu kimoja: hesabu wanaume kumi wenye wamepita thelathini. Angalia mkanda wa suruali uko juu ya tumbo ama umejificha chini yake. Ukimaliza kuhesabu utajua kwa nini hii story lazima iandikwe.

Shida ni kwamba hapa kwetu hakuna mwanaume huambiwa ako na shida. Dem akiongeza kilo mbili, mtaa mzima unajua na unasema. Msee akiongeza kumi na tano, anaitwa mheshimiwa. "Umenona buda! Bibi anakulisha poa!" Tumbo limepewa hadi jina la heshima, public opinion, kama kwamba linaenda kupiga kura. Na kwa sababu kila mtu anasifia, msee anaendelea kuagiza.

Wacha tuongee ukweli basi, bila matusi na bila kuchekana.

Kwanza, ni wangapi?

Mwaka wa 2015 serikali ilifanya utafiti mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza, ule unaitwa STEPS. Ulipata asilimia 27 ya Wakenya wazima wako na uzito uliopita kiasi ama unene kabisa. Wanawake walikuwa asilimia 38.5, wanaume 17.5. Msee akisikia hivyo anasema, "Si unaona, hiyo ni shida ya wamama." Tulia kwanza. Asilimia 17.5 ni karibu mwanaume mmoja kwa kila sita. Kwa matatu ya abiria kumi na nne iliyojaa wanaume pekee, hao ni wawili au watatu.

Utafiti huohuo ulitoa namba nyingine ya kutisha zaidi: asilimia 56 ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Wasee wengi tunasema tuko fiti kwa sababu hakuna mtu amewahi kutupima.

Kitambi ni nini haswa?

Mafuta ya mwili hayako sawa. Kuna yale yako chini ya ngozi, yale unaweza kufinya na vidole. Halafu kuna yale ya ndani, yamejipanga katikati ya utumbo, kwa ini na karibu na viungo vingine. Wanawake wengi, kabla hawajakoma hedhi, huweka akiba yao kwa mapaja na makalio. Sisi wanaume tunaiweka tumboni, na nyingi huingia hiyo store ya ndani.

Mafuta ya ndani hayakai tu kimya kama gunia la mahindi. Yanatoa kemikali kwa damu, yanafanya mwili ukatae kusikia insulini, yanajaza ini mafuta, yanasukuma presha juu. Ndio maana kuna msee si mnono sana, mikono nyembamba, miguu ya kuku, lakini tumbo limetokea mbele gumu kama mpira. Huyo anaweza kuwa kwa hatari kubwa kuliko mtu mwenye unene wake umesambaa mwili mzima.

Imetoka wapi? Mzae hakuwa nayo

Swali zuri. Panda shags, uende Wundanyi ama vijiji viko chini ya Vuria, mlima wenye umepita mita 2,200. Shamba ziko kwa mteremko, zimekatwa matuta. Ukienda dukani unashuka, ukirudi unapanda. Maji, kuni, majani ya ng'ombe, vyote vinabebwa. Mzae alikula kimanga, maharagwe yamepondwa pamoja na mihogo ama viazi vitamu, akashiba kabisa, na hakuwa na kitambi. Siri haikuwa kwa sahani peke yake. Alikuwa anachoma chakula yote shambani.

Sasa mjukuu wake ako Voi. Mji uko chini, ni tambarare, jua linawaka. Kazi ni za kukaa: dere wa trela, mtu wa nduthi, soja wa usiku, msee wa M-Pesa, msee wa ofisi za kaunti kule Mwatate. Kutoka Sofia hadi sokoni anabebwa na nduthi. Lakini ugali? Ugali imebaki size ile ya mzae. Sahani ilipangwa kwa mtu wa kulima matuta, sasa inaliwa na mtu wa kukaa juu ya kiti.

Tena chakula cha bei rahisi mjini ndicho chenye nguvu nyingi kwa kipimo kidogo. Chapo, mahamri, viazi karai, chipsi, smokie, soda. Mtu mwenye ako na soo moja mfukoni anatafuta kitu ya kumshikilia hadi jioni, na hiyo ndiyo anapata. Kwa hivyo usikubali ile story ya kuwa kitambi ni ya matajiri ama ni ya wavivu. Kuna wasee wanafanya kazi saa kumi na nne kwa siku na bado tumbo linakua, kwa sababu hiyo kazi yote wanaifanya wakiwa wamekaa.

Na si chakula tu. Kuna watu wamezaliwa na mwili wa kuweka akiba haraka. Kuna dawa zinaongeza uzito, kama steroidi na baadhi ya dawa za akili. Kuna stress. Na kuna usingizi: mtu wa kulala saa nne tano kila siku, homoni zake za njaa zinapanda na zile za kushiba zinashuka. Dere na soja wanajua hiyo njaa ya saa tisa usiku venye inakaa. Haitaki sukuma wiki hiyo. Inataka kitu tamu na kitu ya mafuta.

Hesabu ya siku moja

Mwanaume wa kawaida anahitaji kama kalori 2,500 kwa siku, kidogo zaidi ama chini kulingana na mwili na kazi. Sasa cheki.

Soda ya nusu lita iko na sukari kama gramu 50. Hizo ni vijiko kumi na mbili hivi vya chai, kama kalori 200. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5. Kwa mwanaume, soda moja tu imekula karibu kibali chote cha siku.

Chapo moja kubwa ya mafuta inaweza kufika kalori 300. Sahani ya chipsi iliyojaa inapita 700 bila shida. Bia ya nusu lita ni kama 200.

Sasa tuseme mwili wako umetosheka kabisa, halafu unaongeza soda moja tu kila siku juu ya hiyo. Kalori 200 mara siku 365 ni 73,000. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Kwa karatasi hiyo ni zaidi ya kilo tisa kwa mwaka. Kwa mwili wa ukweli inakuwa chini ya hapo, kwa sababu mwili ukiwa mkubwa unachoma zaidi, lakini mwelekeo ni huohuo. Hakuna siku uliamka ukapata kitambi mlangoni. Ilikuja soda moja baada ya nyingine.

Tei na muguka

Pombe iko na ujanja wake. Gramu moja ya kileo ina kalori 7, karibu sawa na mafuta yenyewe ambayo ni 9. Na ikiingia, ini linaacha kazi zingine linashughulika nayo kwanza, kwa sababu ni sumu. Mafuta ya ile nyama uliagiza yanawekwa kando, yaani store. Bia nne jioni ni kalori 800, na hakuna mtu hunywa bia nne akaenda kulala bila kupitia kwa msee wa mutura.

Muguka nayo wengi wanasema inakondesha. Mnakumbuka Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na hapa Taita Taveta zilijaribu kuipiga marufuku, kelele ikawa nchi nzima. Sitaingia hiyo siasa. Ukweli ni kwamba muguka inaua njaa kwa masaa, lakini angalia kile kiko kando ya mtafunaji: soda, peremende, bigijii, njugu. Halafu usingizi unahepa. Kesho yake njaa inarudi na riba.

Inakuharibia nini?

Presha na kisukari unazijua kwa majina, kwa hivyo sitakuchosha. Kumbuka tu kwamba zote mbili zinaweza kukaa miaka bila kuuma popote. Mtu anaanguka kiharusi na wiki iliyopita alikuwa anacheka na mabeshte.

Lakini kuna mbili wasee hawaambiwi.

Ya kwanza ni kitandani. Mafuta ya tumbo yana kimeng'enya cha kubadilisha testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Testosteroni ikishuka, hamu inashuka, misuli inapungua, na tumbo linapata nafasi ya kukua zaidi. Ongeza presha na sukari zenye zinaharibu mishipa midogo ya damu, na mambo yanaanza kukataa. Msee badala ya kupimwa anakimbilia vidonge vya kununua chini ya maji. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hivyo mara nyingi shida huonekana huko kabla ya moyo. Hiyo ni barua umeandikiwa na moyo wako. Usiichane.

Ya pili ni kukoroma. Si ile ya kawaida ya uchovu. Naongea ile ya kukoroma kama lori linapanda mlima, halafu kimya, pumzi inakatika sekunde kumi au zaidi, halafu anashtuka akivuta hewa kwa nguvu. Inaitwa apnea ya usingizi, na shingo nene na kitambi ni kati ya vitu vinavyoileta sana. Mtu analala saa nane lakini anaamka amechoka, kichwa kinauma, mchana anasinzia. Sasa huyo mtu mpe trela, kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na kipande kirefu ni barabara iliyonyooka katikati ya Tsavo. Tafiti za madereva zinaonyesha mwenye hiyo shida ako na uwezekano wa ajali karibu mara mbili au zaidi ya wengine. Kama bibi yako amekuambia unakata pumzi usiku, usimjibu na jokes. Mwambie daktari.

Jipime leo, huhitaji mashine

Chukua mkanda wa fundi wa nguo. Tafuta mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pima katikati yake, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Kwa mwanaume:

- Chini ya sentimita 94: uko sawa, linda hapo.
- 94 hadi 102: hatari imeanza kupanda.
- Zaidi ya 102: hatari kubwa, nenda upimwe.

Usiniambie size ya suruali. Tunajua unavaa 34 chini ya kitambi. Njia nyingine rahisi: kiuno kisipite nusu ya urefu wako. Kama uko na sentimita 172, kiuno kisipite 86.

BMI nayo ni kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu. Msee wa kilo 92 na mita 1.72 anapata 31. Kuanzia 25 uzito umepita, kuanzia 30 huo ni unene wa kitabibu. Mtu wa chuma za gym anaweza kupata namba kubwa sababu ya misuli, ndio maana kiuno ni muhimu zaidi.

Halafu pima presha na sukari. Presha ya 140 kwa 90 na kupanda, ikirudiwa siku tofauti, ni ugonjwa. Sukari ya asubuhi kabla hujala ikifika 7.0 na ikirudiwa, ni kisukari. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii, wale CHP, walipewa begi zenye kipima presha, kipima sukari na mizani. Uliza wa mtaa wako. Zahanati ziko, na Moi County Referral iko hapa Voi. Kama hujajiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, fanya hivyo, kwa sababu huduma za msingi zahanati zinafaa kuwa bila malipo kwa aliyejiandikisha.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, lengo liwe la binadamu. Marekani walifanya utafiti mmoja mkubwa wa watu waliokuwa karibu kupata kisukari, matokeo yakatoka 2002. Kundi lililoambiwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa 31. Asilimia 7 ya msee wetu wa kilo 92 ni kilo sita na nusu hivi. Si lazima urudi mwili wa form two.

1. Toa soda kwanza. Ndiyo rahisi na inalipa haraka. Najua Voi maji ya kunywa ni story, mabomba ya Mzima yanapita yakienda Mombasa na sisi tunanunua mtungi. Lakini jaza chupa yako nyumbani ukitoka. Chai punguza sukari kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

2. Panga sahani upya, usihame kibandaski. Nusu mboga: sukuma, mchicha, kabichi, kachumbari. Robo ugali, wali ama chapo moja. Robo madondo, ndengu, samaki, nyama isiyo na mafuta ama mayai. Mwambie mathe wa kibanda, "Punguza ugali, ongeza mboga." Atakucheka siku mbili, ya tatu atakuwa anakupakulia bila kuuliza. Kimanga ya shags pia iko sawa, maharagwe yanashibisha muda mrefu. Chunga tu kipimo na mafuta ya kukaangia.

3. Tembea, lakini kwa akili ya Voi. Dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuongea unaweza lakini kuimba huwezi. Jua la saa saba si la mazoezi. Tembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukishapambazuka, ama jioni kabla ya giza. Na kama unakaa upande wa Sagalla ama karibu na uzio wa Tsavo, usitoke gizani. Ndovu hawajali uko kwa diet. Kaa barabara za mtaa, uwanja wa michezo, au zunguka Kaloleni na Mwakingali na mbogi yako.

4. Misuli mara mbili kwa wiki. Push up, kuchuchumaa na kusimama, kubeba mitungi ya lita ishirini. Misuli ndiyo inakula sukari ya damu. Bila hiyo, ukipunguza uzito unapunguza misuli pia.

5. Dere na soja: beba chakula. Mayai mawili ya kuchemsha, ndizi, njugu ngumi moja, maji. Kula mlo wako mkubwa kabla ya shift, si katikati ya usiku. Ukisimamisha gari Maungu ama Mtito, zunguka trela mara kumi kabla ya kukaa mezani.

6. Tei iwe na siku. Kama huachi, chagua siku moja, mbili mwisho, kula kabla ya kunywa, na hesabu chupa. Siku zingine pombe isiingie nyumbani.

7. Lala saa saba. Simu weka mbali. Mwenye alilala vizuri hapigani na njaa mchana kutwa.

Usifanye zote saba Jumatatu moja. Anza na mbili, shika wiki tatu, ongeza nyingine.

Usiuziwe uwongo

Chai za kuyeyusha kitambi nyingi zina dawa ya kuharisha ndani. Unapoteza maji, mizani inashuka siku mbili, kitambi kiko palepale. Mkanda wa kubana tumbo unabana tu. Sit up mia moja zinajenga misuli chini ya mafuta, hazichagui mafuta ya kuchoma.

Sindano kama Ozempic ni dawa ya kweli, ilianza kama ya kisukari, na inapunguza uzito. Lakini ni ghali, inahitaji daktari, na ukiacha uzito mwingi hurudi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana nchi mbalimbali. Ukiuziwa kwa inbox, hujui unajidunga nini.

Na kama unapata kiu kali na kukojoa usiku kila mara, kifua kinabana ukipanda ngazi, miguu inafura, ama uzito umepanda ghafla bila kubadilisha chochote, hiyo si ya kutembea tu. Hospitali, wiki hii.

Mwisho wa story

Uzito ukianza kushuka utafika mahali utasimama. Hiyo haimaanishi umefeli. Mwili unadhani kuna njaa ya nchi, unapunguza matumizi na kuongeza hamu ya kula. Shikilia hapo. Hata kama mizani haisongi, kiuno kinaweza kuwa kinasonga na presha inashuka. Pima kila wiki mbili, si kila asubuhi.

Na kwa mabeshte: mwenzako akiagiza maji na mboga, usimuulize kama ni mgonjwa. Akipungua, usieneze kwamba ameoshwa na umaskini ama ameshikwa na ile kitu. Hayo maneno yamerudisha wasee wengi kwa meza ya chipsi. Leo jioni mkikutana, leteni mkanda mmoja wa fundi, zungusha kwa kila mtu, andika namba. Mwenye amepita 94 anunulie wote maji.